Kungoja Karatasi Ikauke

Embe likishachumwa halingoji mtu. Ngowe lililowekwa mezani asubuhi likiwa kijani, umanjano ukiwa ndio kwanza unachungulia karibu na kikonyo, baada ya siku tatu huwa limegeuka karibu lote, na wiki haiishi kabla ngozi haijaanza kulegea. Asumini haina hata muda huo. Huchanua jioni, hunukia usiku kucha, na kesho yake adhuhuri ncha za petali zimeshaingia rangi ya chai. Rangi za maji nazo hazitaki kuharakishwa: tabaka moja likauke kabisa ndipo jingine liwekwe juu yake, na mwezi wa Desemba hewa ya Mombasa ni nzito kwa unyevu. Anayechora embe na asumini kwa rangi hizo anafanya kazi kati ya saa mbili zisizopatana, moja inakimbia na nyingine inakataa kukimbia.

Ninayemsimulia hapa ni mama mmoja mstaafu anayeishi ghorofani, Mji wa Kale. Mtaa mzima humwita Mwalimu, wakiwemo ambao hakuwahi kuwafundisha, nami nilimwita hivyo hivyo. Meza yake ameiegemeza kwenye dirisha la kaskazini. Desemba jua hupita upande wa kusini wa Mombasa, kwa hiyo dirisha hilo hupata mwanga tulivu kutwa bila mwale kuangukia karatasi. Ifikapo Juni mambo hugeuka, naye huihamisha meza upande wa pili wa chumba. Ni jambo dogo, lakini kivuli cha embe kikihama kila saa, mchoraji atajikuta anachora maembe kumi kwenye karatasi moja.

Kazi huanzia kwenye karatasi, na hapo Mwalimu hana mzaha. Anatumia karatasi ya pamba tupu, gramu 300 kwa mita ya mraba, yenye uso laini. Zipo za uso wa chengachenga, ambazo wachoraji wa mandhari huzipenda kwa sababu rangi hutuama kwenye vishimo vyake na kumetameta. Kwa tunda lenye ngozi nyororo vishimo hivyo ni adui, maana mstari wa penseli hukatikakatika juu yake. Kiwandani karatasi hupewa gelatini ili isinywe maji papo hapo. Kwa sababu ya gelatini hiyo rangi hubaki juu kwa muda, ikaweza kusukumwa, kuvutwa au kufyonzwa kabla haijazama. Pwani unyevu huila gelatini polepole, na ubaya wake ni kwamba dosari haionekani mpaka karatasi ilowe: hapo ndipo doa lenye kiza hujitokeza katikati ya tunda, mahali ambapo rangi imezama moja kwa moja. Ndiyo maana karatasi zake hulala ndani ya sanduku la bati lenye kifuniko, pamoja na vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya. Hata hivyo haziamini. Alipitisha brashi ya maji matupu pembeni, akainama hadi jicho likawa usawa wa meza, akautazama mng'ao wa maji ulivyotandaa. Ulikuwa sawasawa, bila shimo. Ndipo akailowesha karatasi nzima, akaitandika juu ya ubao na kuibana pande zote nne kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Ikikauka itakaza, na baada ya hapo maji hayataifanya ijikunje. Kukauka huko kulichukua hadi kesho yake.

Katika kungoja huko hakukaa bure. Embe alilichora kwanza kwenye karatasi ya kawaida, iliyotumika upande mmoja. Ngowe hutambulika kwa mdomo wake, ile ncha iliyopinda chini ya tunda, na anayeukosea mdomo amechora embe jingine. Mwalimu alianza na mstari mmoja wa kupitia katikati, kutoka kikonyoni hadi mdomoni, kisha akachukua bikari na kupima upana wa tunda mabegani, tumboni na pale linapoanza kubana. Mstari wa nje ulikuja mwisho kabisa. Alifuta, akachora, akafuta tena, na raba ikala karatasi hiyo bila huruma, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake. Karatasi ya pamba haiguswi na raba ngumu. Inapochubuka, nyuzi zake husimama, na rangi ya maji itakayopita hapo itaacha alama nyeusi hata baada ya matabaka kumi.

Kitu cha pili alichokifanya asubuhi hiyo ndicho kilichonifundisha zaidi kuliko vyote. Alikata kipande kirefu cha karatasi ileile ya pamba, akachora viraba vidogo, akaanza kulisoma embe kwa rangi. Kila kiraba kikikauka alikisogeza hadi kikagusa ngozi ya tunda, akafumba jicho moja, akalinganisha. Rangi ya maji ikikauka hupauka, kwa hiyo kulinganisha ikiwa mbichi ni kujidanganya. Kando ya kila kiraba aliandika kwa penseli ni rangi zipi zimekutana na ipi ilitangulia. Aliandika pia sehemu ya tunda: bega la kushoto, tumbo, chini ya mdomo. Kipande hicho ndicho kinachoshinda mbio. Embe litageuka, lakini rangi yake ya asubuhi ile imeshaandikwa, na mchoraji anaweza kurudi kwayo siku ya tano kama anavyorudi mtu kwenye daftari.

Wachoraji wa mimea wote wameishi na shida hii. Joy Adamson, miaka mingi kabla dunia haijamjua kwa ajili ya simba Elsa, alizunguka Kenya akichora maua ya porini kwa rangi za maji, na mamia ya michoro yake imo mikononi mwa Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ua lililochumwa porini kwenye jua la saa sita halina subira. Marekani nako, kati ya 1886 na 1942, Wizara ya Kilimo iliwatumia wachoraji kuyarekodi matunda ya wakulima, na mkusanyo uliobaki una michoro zaidi ya 7,500 ya rangi za maji, takriban nusu yake matofaa. Yamo hata maembe. Mwalimu amebandika nakala mbili tatu za michoro hiyo ndani ya mlango wa kabati. Anachokipenda ni kwamba hawakuficha kitu: palipooza pamechorwa pameoza, palipotobolewa na mdudu pamechorwa tundu. Picha zilikuwa za kumsaidia mtu kulitambua tunda, si za kumtamanisha, na kwa maoni yangu ndiyo sababu zinatamanisha.

Rangi zake ni chache. Kisanduku cha bati kina vidonge vinane: njano mbili, moja ya limau na moja ya joto zaidi, waridi, nyekundu inayoelekea machungwa, buluu mbili, moja yenye uzambarau na moja yenye ukijani, na kahawia mbili. Kila kidonge ni unga wa rangi uliosagwa na kushikwa kwa gundi ya mgunga wa aina ya Acacia senegal. Sudan ndiyo inayoongoza kwa kuuza gundi hiyo nje, na kaskazini mwa Kenya pia huvunwa kutoka kwenye miti inayoota yenyewe nyikani. Gundi hii huyeyuka tena kila inapokutana na maji. Ndiyo sababu kidonge kilichokauka mwaka mzima huamka kwa tone moja, na ndiyo sababu vilevile tabaka la chini linaweza kuamka pale lisipotakiwa. Ukilisugua mara mbili tatu kwa brashi yenye maji, linapanda juu, linachanganyika na la pili, na yote mawili yanakuwa tope.

Asumini ilitangulia, kwa kuwa ndiyo yenye haraka zaidi. Jioni alinunua koja kwa mama anayeuza chini ya nyumba, akachagua kishada chenye maua mawili yaliyofunguka na vikonyo vitatu vya maua yaliyojifumba, akakitia kwenye kikombe cha maji. Umbo alilichukua usiku huo kwa taa. Rangi hakuigusa, kwa kuwa taa hudanganya. Alfajiri baada ya swala alikuwa ameshakaa.

Nilitazamia kuona rangi nyeupe. Haikuwepo mezani.

Weupe wa asumini ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Anachokichora mchoraji ni kile kisicho cheupe: kivuli chembamba pale petali moja inapolala juu ya nyingine, ukijani hafifu karibu na shina la ua, umanjano kidogo unaopenya petali pale mwanga unapotokea nyuma. Kijivu chake hukipata kwa kuchanganya buluu yenye uzambarau na kahawia nyekundu, maji yakiwa mengi kiasi kwamba kwenye sahani nyeupe kinaonekana kwa shida. Alikipaka kwenye ukunjo wa petali kwa brashi nyembamba, akaiosha brashi, akaikausha kwenye kitambaa, na kwa ncha ile yenye unyevu tu akauvuta ukingo mmoja wa rangi mpaka ukafifia na kutoweka. Ukingo wa pili aliuacha mkali. Katika kivuli kisichozidi upana wa punje ya mchele palikuwa na upande mgumu na upande laini, na kwa ajili ya tofauti hiyo petali ikainuka kutoka kwenye karatasi.

Bado ua lilikuwa linapotea kwenye weupe wa ukurasa. Lililoliokoa ni jani. Jani la asumini ni kijani kizito na linang'aa, na Mwalimu alilipitisha nyuma kabisa ya petali. Kwanza alilipaka buluu nyepesi mno, ambayo ni mbingu inayoakisiwa kwenye ngozi ya jani. Ilipokauka akaweka njano juu yake, akiacha mistari myembamba ya buluu mahali penye mng'ao. Kisha kijani, kisha kijani kizito zaidi kati ya mshipa na mshipa, mishipa yenyewe ikiachwa bila kuguswa. Kila jani lilipozidi kuingia kiza, ua ambalo hakuliongezea hata tone lilizidi kuwa jeupe. Kufikia saa nne asumini ya kikombeni ilikuwa imeanza kulala. Ya kwenye karatasi ilikuwa imekwisha.

Hapo ndipo akaligeukia embe, na mwendo wake ukapungua.

Uzito wa rangi Mwalimu huupima kwa lugha ya jikoni. Tabaka la kwanza liwe tui la mwisho, lile la kusuuzia machicha. Ya katikati yawe tui la pili. Kasimile ni ya kona mbili tatu zenye kiza kikubwa, na haiji mpaka mwisho. Wengi wanaoanza, aliniambia, huanza na kasimile kwa sababu wanaliona embe ni la njano nzito, kisha hawana pa kwenda.

Mistari ya embe kwenye karatasi ya pamba aliichora kwa penseli ya njano ya rangi za maji badala ya penseli ya kawaida. Brashi ilipopita, mstari uliyeyuka ukaingia kwenye tabaka la kwanza, na embe likabaki bila kuzungushiwa uzi. Kisha aliilowesha ngozi yote ya tunda kwa maji safi, isipokuwa doa moja refu begani ambako dirisha lilikuwa linajiona. Hilo aliliruka. Akangoja. Maji yaking'aa mno rangi hutapakaa ovyo. Yakishakauka huacha kingo ngumu. Kati ya hayo mawili kuna muda mfupi ambapo mng'ao unafifia lakini unyevu upo, na alipouona aligusa karatasi kwa njano ya limau sehemu tatu tu. Rangi ilitembea yenyewe, ikasita karibu na lile doa kavu, ikasimama.

Tone moja la maji lilidondoka kutoka kwenye brashi likatua tumboni mwa embe, likaisukuma rangi kando na kuacha duara lenye kingo zilizokatwakatwa. Nilinyoosha mkono kumpa tishu.

"Wacha, mwanangu," alisema. "Ukiligusa sasa litakuwa mawili."

Aliliacha likauke na ila yake. Kwa tui la mwisho ila hizo ni nyepesi, na tabaka la tatu au la nne huzimeza.

Kukauka ndiko kunakokula muda wa kazi hii, na Mwalimu ana kipimo chake. Karatasi inaweza kuonekana kavu huku bado ina maji ndani. Haigusi kwa vidole, kwa kuwa mafuta ya vidole huacha alama. Hukaribisha mgongo wa mkono, karibu kabisa na uso wa karatasi bila kuusugua. Ikitoa ubaridi, maji bado yanatoka. Ikiwa na joto lilelile la ubao wenyewe, imekauka. Kikausha nywele anacho na hakitumii kwenye embe, kwa kuwa upepo wake huisukuma rangi iliyo majimaji na kukausha juu kabla ya ndani. Anapongoja huchonga penseli kwa kisu, akitoa ncha ndefu ambayo kichongeo cha dukani hakiwezi kuitoa, au hubadilisha maji ya kuoshea brashi, au huenda jikoni. Adhana ya adhuhuri ilipita tabaka la pili likiwa linakauka.

Tabaka la pili lilikuwa njano ya joto, kutoka tumboni kwenda mabegani. La tatu lilikuwa buluu yenye ukijani, peke yake, nyepesi, juu ya njano kavu. Hakuchanganya kijani kwenye sahani. Mwanga hupenya matabaka yote hadi kwenye weupe wa karatasi, kisha hurudi jichoni ukiwa umepita ndani ya kila rangi mara mbili, na kijani huzaliwa katika safari hiyo. Kijani cha namna hii kina kina. Unakitazama na kuona kuna njano nyuma yake, kama ilivyo kwenye embe lenyewe, ambalo umanjano wake hutokea chini ya ukijani badala ya kupakwa juu. Rangi ya mafuta aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, ile ya kupakia baiskeli, hufanya kinyume: hufunika. Twiga wa manjano husimama juu ya usiku mweusi bila usiku kumdhuru, na hapo ndipo ulipo uhai wa picha zile. Rangi ya maji haifuniki kitu. Ulichokiweka Jumatatu kitaonekana Ijumaa, kwa hiyo kila tabaka linawekwa na mtu anayejua matabaka manne yajayo.

Brashi aliipitisha mara moja, kutoka bega hadi mdomo, bila kurudi. Ni mkono uliolegea, kiwiko juu ya meza, tumbo la brashi likiwa limejaa na ncha ikigusa tu. Nywele za brashi hiyo zinatoka kwenye mkia wa kicheche wa Siberia. Huhifadhi maji mengi na bado hurudi kwenye ncha moja. Waridi jepesi lilifuata upande ulioelekea kuiva, likageuka machungwa juu ya njano. Kisha zambarau hafifu chini ya tunda, kwa sababu kivuli cha njano kikitiwa kijivu hufa, na kikitiwa zambarau hubaki tunda. Kufikia hapo embe la mezani lilikuwa limeshageuka manjano. Mwalimu hakulitazama tena kwa ajili ya rangi. Alitazama kile kipande chenye viraba.

Penseli zilikuja mwisho. Penseli za rangi zinazoyeyuka kwa maji zimekuwepo tangu 1931, kampuni ya Caran d'Ache ya Geneva ilipotoa zake, na wapo wanaozichukulia kuwa njia ya mkato ya watu wasiojua brashi. Kumtazama Mwalimu kunatosha kuondoa fikra hiyo. Pa kwanza, hakugusa karatasi kwa penseli kabisa: alilowesha brashi ndogo, akaipitisha kwenye ncha ya penseli ya kahawia, na kwa rangi hiyo nzito akachora kovu la kikonyo, mstari kwa mstari. Pa pili, alipiga mistari mikavu, mifupi, iliyofuata mzunguko wa tunda, kisha akailainisha kwa brashi yenye unyevu kiasi tu. Mguso mmoja kila mahali, maana wa pili ungeiamsha njano ya chini. Pa tatu, alilowesha eneo dogo tumboni, akaisugua penseli juu ya kipande cha msasa, na vumbi lake likadondoka na kushika: madoadoa ya kahawia ambayo hakuna mkono ungeweza kuyatawanya kwa ukosefu wa mpangilio namna ile.

Zikabaki zile nukta nyepesi ambazo embe hupumulia. Nukta za giza ni rahisi. Nyepesi, kwenye rangi isiyofunika, lazima zitolewe. Aligusa kwa ncha ya brashi yenye maji safi, akahesabu kimya, akaibana kwa tishu, na rangi ikainuka ikaacha nukta. Kisha nyingine. Katikati ya tunda zilikuwa duara na mbalimbali. Kadiri alivyoelekea pembeni zilisogeleana na kuwa nyembamba, kwa sababu ngozi pale inageuka kwenda nyuma. Alitumia asubuhi nzima kwenye nukta, na nilipotazama nikiwa mbali sikuziona hata moja. Niliona embe lina mviringo.

Kazi ilikwisha bila tangazo. Alichukua brashi, akaitia maji, akaitazama picha, akaikausha brashi bila kugusa karatasi. Akafanya hivyo mara ya pili. Akaziosha brashi zote kwa sabuni, akazichonga ncha kwa midomo, akazilaza. Kesho yake alikata utepe kwa wembe, akaigeuza karatasi na kuandika nyuma yake rangi zote zilizotumika na mpangilio wake, kutoka ya chini hadi ya juu.

Embe lenyewe lilikuwa limelegea na linanukia chumba kizima. Alilikata akampa nusu kijana wa chini anayemletea maembe kutoka Marikiti, naye akalalamika kwamba limepitiliza. "Basi kesho niletee mengine," Mwalimu alimjibu, "mabichi zaidi ya haya, na usilikate jani."